Kuchagua bunduki kuukuu ya .22 yenye magazini ya bomba: mwongozo kamili kwa mlenga shabaha wa Nyanda za Juu Kusini

Bunduki ndogo ya .22 iliyoundwa mwaka 1935 inaweza kulenga vizuri kuliko iliyotoka kiwandani juzi. Inaweza pia kuwa chuma chakavu chenye kitako kizuri. Umri peke yake haukuambii kitu. Kinachoamua ni sehemu nne ndogo: mdomo wa chemba, mdomo wa mtutu, ukucha unaovuta ganda, na bomba linalobeba risasi. Muuzaji atakuonyesha kwanza mbao inayong'aa na jina la kampuni; wewe anza na hizo nne.

Tukubaliane maneno. "Bomba" ni mfereji wa nje uliofungwa chini ya mtutu au ndani ya kitako. "Mrija" ni ule wa ndani unaochomolewa, wenye springi na kisukumio cha kusukuma risasi. "Risasi" hapa ni risasi nzima, yaani ganda, baruti na kichwa chake. "Chemba" ni nafasi ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kupigwa, na "boliti" ni kipande cha chuma kinachoifunga kwa nyuma. Namba .22 ni kipenyo cha risasi kwa inchi, na LR (Long Rifle) ni ile ndefu ya kawaida ya .22.

Karatasi kabla ya chuma

Silaha za raia Tanzania zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Bunduki haihami mkononi kwa maelewano ya watu wawili kama baiskeli. Kwa hiyo safari ya kwanza ni polisi, kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya (OCD), ukiwa bado hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Uliza kama aina unayoitaka inaruhusiwa kwa matumizi ya kulenga shabaha, hasa kama ni ile inayojikoki yenyewe. Uliza utaratibu wa maombi kuanzia serikali ya mtaa au kijiji chako. Uliza pia wapi pa kupigia panapotambulika, maana leseni ya kumiliki haigeuzi shamba lako kuwa renji.

Bunduki nyingi za umri huu ni za wazee au ni urithi. Kwa mzee aliye hai, adabu na usalama vinakwenda pamoja: "Shikamoo mzee. Kabla hatujaitoa ndani, naomba tuone leseni yake na namba." Mzee anayejua anachomiliki hatakasirika; atafurahi kwamba kijana ameanza panapostahili. Bunduki ya marehemu ni jambo lingine. Mtoto kuikuta kabatini hakumfanyi awe mmiliki, na haki yake ya kukuuzia haipo mpaka polisi wamalize shauri la silaha hiyo. Ukiambiwa "chukua tu, karatasi tutafuata", ondoka.

Linganisha namba ya kwenye leseni na namba ya kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu. Winchester zinazogawanyika vipande viwili huwa na namba sehemu mbili: chini ya sehemu ya mbele, na kwenye ulimi wa chuma ulio nyuma ya triga. Namba mbili tofauti maana yake nusu mbili za bunduki mbili zimeoanishwa. Huenda inapiga, lakini utakuwa na kazi ya kueleza, na nusu hizo mara nyingi hucheza.

Kuna mtego hapa. Bunduki nyingi za bei nafuu za .22 zilizotengenezwa Marekani kabla ya mwaka 1968 hazikuwahi kuwa na namba kabisa, kwa sababu sheria ya huko iliyolazimisha namba kwenye kila bunduki ilipita mwaka huo. Kwa hiyo kukosekana kwa namba si lazima kuwe dalili ya wizi. Ila alama iliyosuguliwa kwa tupa ni dalili mbaya kabisa, na utaiona: chuma kinakuwa na bonde dogo, rangi yake si ya jirani. Yoyote kati ya hizo mbili ipelekwe polisi ikaguliwe kwanza. Usigonge namba yako mwenyewe, hata kwa nia njema.

Aina utakazokutana nazo

Za pampu ndizo tunazozipendekeza kwa anayeanza. Winchester Model 1890, iliyobuniwa na ndugu wawili John na Matthew Browning, ilizaa Model 1906 na kisha Model 62, iliyotengenezwa kuanzia 1932 hadi 1958. Model 62 inabeba risasi 14 ndefu za LR. Rossi ya Brazil iliinakili, na nakala hiyo si mbaya. Remington Model 12 ilitoka 1909 hadi 1936, kisha ikaja 121. FN ya Ubelgiji nayo ilitengeneza pampu ya Browning iliyopewa jina la Trombone kwa sababu ya mkono wake unaoteleza mbele na nyuma. Jihadhari na tabia moja ya Winchester 1890, 1906 na 62: ukishikilia triga huku unasukuma pampu mbele, bunduki inapiga yenyewe mara inapofunga. Haijaharibika, ndivyo ilivyoundwa. Kidole kikae nje ya triga mpaka uwe umelenga.

Za leva, yaani mkono unaoshushwa chini ya triga, mfalme wake ni Marlin 39A, inayobeba risasi 19 za LR. Upande wa kulia ina skrubu kubwa inayofunguka kwa sarafu, bunduki inagawanyika mara mbili, boliti inatoka, na mtutu unasafishwa kutokea nyuma. Kwa mtu atakayeisafisha miaka 30, hilo peke yake linatosha kulipia zaidi. Winchester 9422, ya 1972 hadi 2005, ni changa zaidi na imara.

Za boliti zenye bomba, kama Remington 512, ni za bei rahisi na hazina mengi ya kuharibika. Watu huzidharau kwa sababu hazina sura. Ukiikuta yenye mtutu mzuri, usiiache.

Zinazojikoki zenyewe ni pamoja na Browning SA-22 iliyoanza kutengenezwa na FN mwaka 1914, Remington Nylon 66 na Marlin 60. Bomba la hizo mbili za kwanza liko ndani ya kitako. SA-22 ni kazi nzuri mno: mtutu unachomoka kwa kuzungushwa kidogo, na ina pete ya kurekebishia mkazo mtutu unapoanza kucheza. Maganda yanatokea chini, kwa hiyo funga kifungo cha mkono wa shati, la sivyo ganda la moto litaingia humo. Lakini zinazojikoki zinachagua risasi, zinachafuka haraka, na kisheria ndizo zenye maswali mengi.

Moja ya kukwepa: Winchester Model 1903. Haitumii .22 LR. Inatumia risasi yake yenyewe, .22 Winchester Automatic, ambayo kuipata ni kama kutafuta sindano. Ndugu yake mdogo, Model 63, ndiyo inayotumia LR. Kwa macho zinafanana, kwa hiyo soma maandishi ya juu ya mtutu.

Vitu vya kubeba siku ya ukaguzi

Tochi ndogo yenye mwanga mkali, kioo cha kukuzia, kipande cha karatasi nyeupe, vijiti vya pamba vya masikioni, kitambaa, vernia kalipa (kifaa cha kupimia unene na kipenyo), na risasi bandia sita za plastiki au aluminiamu zenye vipimo vya LR. Usitumie risasi za kweli kujaribu mashine sebuleni kwa mtu. Beba pia fimbo nyembamba ya kusafishia, kwa kuwa mtutu mchafu hauwezi kukaguliwa. Muuzaji anayekataa upitishe kitambaa kwenye mtutu amekwisha kukujibu.

Kuhakikisha haina kitu ndani

Bunduki ya bomba ndiyo inayodanganya kuliko zote. Ile ya magazini ya kuchomoa, ukishachomoa magazini umebaki na chemba tu. Ya bomba ina mahali patatu pa kujificha risasi: kwenye chemba, kwenye kibebeo kinachopandisha risasi, na ndani ya bomba lenyewe, ambako kisukumio kikikwama risasi moja hubaki hadi siku bunduki itakapotikiswa.

Elekeza mtutu mahali salama. Fungua mashine, angalia chemba. Chomoa mrija wote. Kama bomba liko chini ya mtutu, inamisha mdomo chini utikise. Kama liko kwenye kitako, inamisha kitako. Koki mara tano au sita kwa nguvu ya kawaida. Kisha tochi kwenye chemba, kidole kidogo kwenye chemba, tochi kwenye kibebeo, jicho ndani ya bomba. Ikipita mkononi mwa mtu mwingine na kurudi, rudia yote, hata kama alikuwa amekaa mbele yako.

Bomba na mrija

Ukingo wa risasi ya .22 una upana wa karibu milimita 7.1, na nafasi ndani ya mrija ni ndogo. Kibonyeo kisichoonekana vizuri kwa macho kinatosha kukwamisha. Pitisha kidole polepole urefu wote wa bomba la nje. Kidole kinaona kuliko jicho. Kisha tia risasi bandia sita kwenye mrija, uinamishe huku na huku. Zinapaswa kuteleza kwa mlio mmoja. Zikisita mahali, weka alama hapo.

Kibonyeo cha mrija kinatibika: fundi anatafuta fimbo ya chuma laini inayopita mrija mzima bila kucheza, anaipaka mafuta na kuisukuma taratibu. Bomba la nje lililobonyea sana ni kazi kubwa zaidi, kwa kuwa limeshikwa na mikono ya chuma iliyofungwa kwenye mtutu. Springi iliyochoka utaijua kwa risasi mbili au tatu za mwisho: hazifiki, au zinafika zimelala. Springi si tatizo, inabadilishwa. Pini ndogo inayofungia mrija mahali pake ikiwa imelika, mrija utachomoka wenyewe wakati wa kupiga, na hapo risasi zote zimemwagika nyasini.

Sasa mashine yenyewe. Weka risasi bandia, koki kwa nguvu, kisha taratibu, kisha bunduki ikiwa imelala ubavu. Zikipanda mbili kwa pamoja, kizuizi kinachoruhusu moja moja kimelika. Ikipanda moja lakini pua yake ikagonga juu au chini ya chemba, kibebeo kimepinda au kimewahi kupindwa na mtu aliyejaribu "kurekebisha". Kwa bunduki ambayo vipuri vyake havitengenezwi tena, kasoro hizi mbili zishushe bei kwa kiasi kikubwa au zikufanye uache.

Chemba

Hapa ndipo bunduki nyingi za .22 hufia, na wengi hawapaangalii. Risasi ya .22 haina kofia ya katikati. Dawa ya kuwashia imo ndani ya ukingo, na pini ya kufyatulia hupiga ukingo huo. Bunduki ikifyatuliwa tupu tena na tena, kwenye nyingi za zamani pini inapiga moja kwa moja ukingo wa chemba na kuubonyeza kuelekea ndani. Kibonyeo hicho kinashika ganda. Matokeo: risasi inaingia kwa shida, ganda halitoki, na mwenye nayo analaumu ukucha.

Mulika mdomo wa chemba mahali pini inapotua. Ukiona kijishimo chenye ukingo uliovimba kuelekea ndani, kinarekebishika kwa kusukumwa kurudi nyuma na chombo maalumu cha chuma kilichochongwa kwa kipenyo cha chemba. Kisisuguliwe kwa tupa: chuma kikiondoka, ganda litakosa mwegemeo hapo na litapasuka. Kwa sababu hiyo muombe muuzaji asifyatue tupu ili kukuonyesha triga. Wanaotaka kufanya mazoezi ya triga nyumbani hutumia fisha ndogo za plastiki, zile mafundi wanazotumia kushikia skrubu ukutani, zikae ndani ya chemba kupokea pigo la pini.

Kasoro ya pili ni pete ya uchafu au ya kulika mbele ya chemba. Inatokana na miaka ya kupiga risasi fupi za .22 Short kwenye chemba ya LR. Ganda fupi huacha sehemu ya mbele ya chemba wazi, na moto, mafuta na madini ya risasi vinajaa pale. Ganda refu la LR likija baadaye linavimba ndani ya pete hiyo na kung'ang'ania. Uchafu mtupu hutoka kwa brashi ya shaba na mafuta ya kulainisha yaliyoachwa yalowe usiku kucha. Chuma kilicholika hakirudi.

Mtutu

Safisha kwanza, kisha tazama. Kama huwezi kutoa boliti, fungua mashine, weka karatasi nyeupe mahali boliti ilipokuwa, mulika karatasi kwa tochi, utazame kutokea mdomoni, baada ya kuhakikisha upya kwamba haina kitu. Mifereji iliyosokotwa inapaswa kuonekana na kingo zake kutoka mwanzo hadi mwisho.

Vidoa vidoa vya kutu ya kale ni vya kawaida. Risasi za kabla ya miaka ya 1930 zilikuwa na dawa ya kuwashia iliyoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo ilivuta unyevu. Mtutu wenye vidoa vichache bado unaweza kupiga vizuri sana. Utajaza uchafu upesi zaidi, basi. Ulio kama bomba la maji lililooza, acha.

Pete nyeusi inayozunguka ndani ni hatari zaidi kuliko kutu. Ni uvimbe: kichwa cha risasi kilikwama, mtu akapiga kingine nyuma yake. Pitisha vidole nje ya mtutu mahali hapo, au mulika ubavuni uone mwanga ukikunjika. Mtutu uliovimba usinunuliwe.

Usidanganyike na Marlin za baada ya 1953. Kampuni hiyo ilianza kuchonga mifereji mingi na ya kina kidogo, 16 kwenye .22. Kwa aliyezoea mifereji sita inaonekana kama mtutu uliosuguliwa ukaisha. Kama kingo ni kali na zinaendelea hadi mwisho, ni mzima.

Kisha mdomo. Kwa kuwa bunduki nyingi za bomba haziruhusu fimbo kuingia kutokea nyuma, zimesafishwa kutokea mdomoni kwa miaka 60 au zaidi, na fimbo chafu ni tupa. Tazama kwa kioo cha kukuzia: mifereji ikififia upande mmoja, fimbo imekula hapo. Zungusha kijiti cha pamba kwenye ukingo wa ndani. Kikiacha nyuzi, kuna ncha iliyochomoza. Fundi anaweza kukata kidogo na kuchonga mdomo upya, lakini pima kwanza nafasi iliyopo kati ya mdomo na kilengeo cha mbele na mwisho wa bomba. Kwenye bunduki hizi nafasi huwa ndogo, na ukikata sana umehamisha mambo mengine yote.

Ukucha, kufunga na triga

Ukucha unavuta ganda kwa kushika ukingo wake. Ncha yake iwe na pembe kali. Ikiwa ya mviringo itateleza. Ubonyeze kwa kijiti: urudi kwa nguvu. Ni kipuri cha kwanza kutafuta hata kama kilichopo ni kizima.

Funga mashine, koki nyundo, jaribu kuvuta pampu au kushusha leva huku ukisukuma boliti kwa kidole. Mchezo wa nywele moja unavumilika. Ukingo wa risasi una unene wa karibu milimita 1.1, na nafasi ya boliti iliyofungwa isizidi milimita 1.17. Fundi mwenye vipimo atakuambia kwa dakika moja. Usipompata, maganda yatasema siku ya kupiga.

Kwa bunduki yenye nyundo ya nje, ikoki, ondoa kidole kwenye triga, sukuma nyundo mbele kwa dole gumba. Isianguke. Kisha iweke nusu-koki, yaani nyundo irudishwe nusu tu hadi inaponasa, uvute triga kwa nguvu ya kawaida. Isianguke pia. Ikianguka katika jaribio lolote, hiyo si kasoro ya kupunguzia bei, ni sababu ya kutoitumia mpaka itengenezwe. Wengi hununua bunduki kwa triga laini kama siagi bila kujiuliza nani aliisugua. Uzito wa kilo 1.5 hadi 2.5 ni wa heshima kwa bunduki ya aina hii.

Mbao tazama shingoni, pale mkono unaposhika, na nyuma ya ulimi wa chuma. Ufa wa hapo hukua kila risasi. Chuma kilichopakwa rangi upya hujulikana kwa herufi zilizolainika na matundu ya skrubu yenye kingo zilizozama. Si kosa, ila usilipie kama ya asili. Skrubu zilizochanwa zinaonyesha amewahi kuingia ndani mtu asiye na bisibisi sahihi. Matundu ya ziada ya kufungia darubini yanawauma wakusanyaji. Mlenga shabaha yanamfaa.

Risasi gani

Soma juu ya mtutu. "22 S, L, LR" maana yake inakubali fupi, za kati na ndefu. "22 Short" peke yake ni fupi tu, usilazimishe ndefu. .22 WMR (Winchester Magnum Rimfire) ni nene zaidi na haiingii kwenye chemba ya LR. Na LR ikipigwa kwenye chemba ya WMR, ganda linapasuka.

Kwa bunduki ya kabla ya vita vya pili vya dunia, tumia LR ya kasi ya kawaida, yenye kichwa cha gramu 2.6 na kasi ya takriban mita 325 hadi 330 kwa sekunde. Ni tulivu kwa mashine kongwe na mara nyingi ndiyo inayolenga vizuri. Zile za kasi iliyopitiliza ziache. Baadhi yake, kama Stinger ya CCI, zina ganda refu kuliko kawaida. Usichanganye fupi na ndefu kwenye bomba moja kama bado unatafuta chanzo cha kukwama.

Wakati wa kujaza bomba la chini ya mtutu, mkono wako unakaa jirani na mdomo. Mashine iwe wazi na chemba tupu. Bunduki isimame imeinama kuelekea mbali nawe, nawe ukae pembeni, usichungulie juu ya mdomo. Vuta mrija hadi tundu la kuingizia lifunguke, risasi ziingie kitako kwanza. Kisha shusha mrija kwa mkono. Usiuachie ujirushe juu ya safu ya risasi ambazo dawa yake imo kwenye ukingo.

Siku ya kupiga

Risasi ya .22 inaitwa ndogo, lakini inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Nyuma ya shabaha pawe na tuta la udongo laini lisilo na mawe. Mipaina ya Sao Hill si kizuizi: ndani yake kuna wavuna utomvu, wachana mbao na watoto wanaookota kuni. Maji na mawe vinarudisha risasi pembeni. Ukingo wa korongo unaoutazama Bonde la Usangu una mandhari nzuri, ndiyo, na hakuna kitu nyuma ya shabaha yako isipokuwa watu usiowaona. Vaa miwani na kinga ya masikio.

Anza na risasi moja moja, tatu. Okota kila ganda. Alama ya pini iwe kwenye ukingo, ya kina, isiyotoboa. Ganda lililovimba juu kidogo ya ukingo, lililopasuka ukingo, au lenye masizi ubavuni kote linasema boliti haifungi vya kutosha au chemba imepanuka. Simama hapo, mpelekee fundi maganda pamoja na bunduki.

Yakiwa safi, piga 50. Tumia aina mbili au tatu za risasi ukiweza, kwa mafungu ya tano tano, bunduki ikiegemea mfuko wa mchanga, kwanza mita 25, kisha mita 50. Kwa vilengeo vya wazi, bunduki kongwe yenye afya ikiweka tano ndani ya sentimita 4 kwa mita 50, umepata. Fungu likitawanyika bila mpango, angalia kwanza skrubu za kilengeo na za kitako kabla ya kulaumu mtutu. Likipanuka polepole baada ya risasi 20 au 30, ni madini ya risasi yanayojaa kwenye mtutu mkavu au wenye vidoa.

Ukirekebisha vilengeo bunduki igonge katikati kwa mita 50, tegemea risasi ya kasi ya kawaida kushuka kwa sentimita 20 hadi 25 ukipiga mita 100. Hewa nyepesi ya Mbeya au Njombe haibadilishi kitu cha maana kwa umbali huu. Upepo ndio unaobadilisha, hasa ule wa Makambako usiopumzika. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Pini ikipiga na risasi isilie, usifungue haraka. Elekeza mtutu kwenye tuta, hesabu nusu dakika, ndipo ufungue. Ikilia kwa sauti dhaifu isiyo ya kawaida, simama kabisa, toa risasi zote na upitishe fimbo: huenda kichwa kimebaki ndani, na risasi inayofuata ndiyo itakayotengeneza ile pete nyeusi.

Kuitunza kwenye ukungu

Tukuyu na Rungwe hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, na asubuhi za Juni na Julai Makete na Njombe ni za baridi kali. Chuma baridi kikiingizwa kwenye chumba chenye jiko hutoka jasho. Kiache ndani ya mfuko wake uliofungwa mpaka kipate joto la chumba, kisha kitoe na ukifute. Mfuko wa ngozi au turubai ni wa kusafiria tu. Bunduki ikilala humo, ngozi inavuta unyevu na kuupeleka kwenye chuma. Ikae kwenye kabati la chuma lenye kufuli, risasi zikifungiwa mahali tofauti.

Mafuta mepesi ya cherehani yanafaa. Ya kula hugandamana na kuwa gundi, na oili chakavu ya gari ina tindikali na chembe za chuma. Paka tabaka jembamba, futa linalobaki, na rudia kila baada ya wiki mbili msimu wa mvua. Bomba la magazini lisimwagiwe mafuta kabisa: yatashika vumbi, yatapenya kwenye risasi na kuua dawa yake. Kitambaa chenye unyevunyevu wa mafuta, kikifuatiwa na kikavu, kinatosha.

Ukilazimika kusafisha kutokea mdomoni, tumia fimbo iliyofunikwa plastiki au ya shaba, na kikombe kidogo kinachokaa mdomoni kuishika fimbo katikati. Au tumia kamba laini ya kuvuta kutokea kwenye chemba, ambayo kwa bunduki hizi ndiyo njia isiyoula mdomo.